Kompyuta ya zamani haiwaki? Acha chipu, anza na umeme

Najua unachotaka kufanya. Umepata Commodore 64 au Spectrum au Amiga, imekaa stoo miaka thelathini na kitu, umeifuta vumbi na sasa mkono unakuwasha, unataka uichomeke tu uone kama bado ipo hai. Usichomeke. Weka plagi chini kwanza tuongee.

Ya kwanza niliyoipata mimi niliiua mwenyewe. Sikupima kitu, nikachukua adapta iliyokuja nayo nikachomeka, taa nyekundu ikawaka nikafurahi kama mtoto, skrini ikabaki nyeusi, nikazima nikawasha, nikazima nikawasha, kumbe kila nikiwasha ndo namalizia chipu zilizokuwa zimebaki. Siku nimekuja kuipima ile adapta nikakuta pale panapotakiwa volti 5 inatoa karibu 8. Taa nyekundu inawaka vizuri tu kwa volti 8, tena inawaka zaidi.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja sijauacha: umeme kwanza, miguso (pale miguu ya chipu inapogusana na soketi) pili, chipu mwisho kabisa. Wengi wanaanzia mwisho, skrini ikiwa nyeusi tu mtu keshaagiza chipu ya picha, imefika kaiweka, bado nyeusi, anaagiza nyingine, na muda wote huo tatizo lilikuwa fyuzi.

Vifaa si vingi. Testa ya dijitali, bisibisi, pasi ya kusolda unayoweza kuiongeza na kuipunguza moto, pampu ya kunyonyea solda, spiriti ya isopropili ile kali ya asilimia 99, mswaki uliochoka. Osiloskopu ikiwepo raha, isipokuwepo utafika tu, utachelewa kidogo.

Adapta: pima kabla mashine haijaiona

Chipu nyingi za miaka ya themanini zinataka volti 5 kavu, na zinavumilia kati ya 4.75 na 5.25 hivi. Chini ya hapo mashine inaleta vituko, juu ya hapo inaanza kufa.

Commodore 64, iliyotoka 1982, adapta yake inatoa vitu viwili kwenye plagi ya duara yenye pini saba: volti 5 za umeme mnyoofu (DC) na volti 9 za umeme geugeu (AC). Ile regulata ya volti 5, kinachoshikilia voltaji isipande, nyingi zimemwagiwa gundi ngumu ndani ya boksi, joto halitoki, na ikizeeka inakufa vibaya, yaani badala ya kukata umeme inauachia upite mwingi. Wa kwanza kuumia ni chipu za RAM, zile za kumbukumbu. Ubaya mwingine ni kwamba ukiipima ikiwa ya baridi inaweza kukupa 5.1 safi kabisa, ukaiamini, ikishapata moto nusu saa ndo inapanda. Kwa hiyo mimi hizo za gundi sizipimi tena, naziweka pembeni natumia adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo, au kama unaipenda ya zamani weka katikati kile kikinga kinachokata umeme voltaji ikizidi.

Spectrum ni kesi nyingine. Inataka volti 9 na ncha ya katikati ni HASI, kinyume na adapta nyingi za siku hizi, na hapo ndipo watu wanaunguza transista za ndani kwa plagi iliyoingia vizuri bila kulazimisha. Usishtuke pia ukipima adapta yake ya asili bila mzigo ukakuta 12 au zaidi, haina regulata ndani, regulata iko kwenye kompyuta yenyewe, ni ile 7805 iliyoshikishwa kwenye bati kubwa.

BBC Micro na Apple II pawasupla yake iko ndani ya boksi la kompyuta, na huko kuna kapasita za karatasi za RIFA, zina ganda la njano unaloona hadi ndani. Ganda likipasuka nyufa nyufa unyevu unaingia, unawasha mashine inafanya kazi fresh, baada ya dakika kadhaa puuu, moshi mzito na harufu inayokaa chumbani siku mbili. Mara nyingi kompyuta yenyewe haidhuriki lakini roho inakuwa imeshatoka. Zibadilishe kabla hujachomeka, na uweke zilizoandikwa X2, si kapasita yoyote ile ya thamani sawa. Ila tusidanganyane, huo ni umeme wa ukutani, na kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na chaji ya volti mia tatu hata ukishachomoa. Kama hujawahi kushika vitu hivyo mpe anayejua. Na skrini za kioo kizito za zamani, zile za maelfu ya volti, usizifungue kabisa kwa sababu eti unatafuta tatizo la kompyuta.

Dalili: skrini nyeusi kabisa

Kwanza jua ni nyeusi ya namna gani. Kuna "hakuna signo", TV inalalamika haioni kitu, na kuna nyeusi ambayo TV imetulia imepokea picha ila picha yenyewe ndo nyeusi. Hizi ni habari mbili tofauti kabisa.

Kama hakuna signo kabisa inawezekana kompyuta ni nzima. Mashine hizi nyingi zilirusha picha kwa waya wa antena, Spectrum kwa mfano iko chaneli ya 36 ya UHF, na TV mpya nyingi haziijui tena hiyo analojia. Tumia tundu la video kama lipo (C64, yaani Commodore 64, inalo la duara nyuma), kama halipo kama kwenye Spectrum ya kwanza basi unakiruka kile kiboksi cha antena, unatoa picha moja kwa moja kutoka kabla haijaingia humo. Ni kazi ya dakika kumi na picha inakuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa enzi zake.

Kama signo ipo na nyeusi imebaki, fungua boksi, washa, upime volti 5 kwenye miguu ya chipu yenyewe, usipime mlangoni tu, swichi za kuwashia zilizooza ndani zinakula voltaji njiani. Hapa angalia kitu kimoja kinachowapoteza wengi: chipu za kawaida za miguu 16 zinapata volti 5 mguu wa 16 na ardhi mguu wa 8, lakini RAM aina ya 4164 ni kinyume, mguu wa 8 ndo volti 5 na wa 16 ndo ardhi. Mtu anapima anaona hasi anashtuka anang'oa chipu nzima.

Kwenye C64 za mwanzo zile volti 9 za umeme geugeu si mapambo. Ndo zinazotengeneza volti 12 na pia zile volti 5 za pembeni zinazolisha chipu ya picha na saa ya mashine (mapigo yanayoiongoza), kwa hiyo ile fyuzi ndogo iliyo ndani ikikatika unapata taa nyekundu inawaka, skrini nyeusi, na wewe unaanza kulaumu chipu. Fyuzi! Nimeshaona mtu kabadilisha chipu tatu.

Umeme ukiwa sawa kote, cheki riseti. Mguu wa riseti (wa 40 kwenye prosesa za 6502 na 6510, wa 26 kwenye Z80) ukiwasha unatakiwa ubaki chini kidogo halafu upande juu ukae huko. Ukibaki chini prosesa imeshikwa shati, haitaenda popote hata ubadilishe kila kitu.

Halafu sasa ndo miguso. Chipu zilizo kwenye soketi zinapashwa moto zinapoa, zinapashwa zinapoa, miaka inaenda na zinajisukuma zenyewe taratibu kutoka kwenye soketi. Apple III ya mwaka 1980 ina habari inayosimuliwa sana, kwamba wateja waliambiwa wainyanyue inchi chache juu ya meza waiachie idondoke ili chipu zikae sawa. Wewe usidondoshe kitu. Zima, zikandamize kwa kidole moja moja, ukisikia "krk" ujue ilikuwa imepanda. Ikigoma itoe taratibu ukiinyanyua pande zote mbili kwa zamu, safisha miguu kwa spiriti, irudishe. Alama ya kipande kilichokatwa kichwani irudi upande ule ule, piga picha na simu kabla hujatoa chochote maana utasahau, hata mimi nasahau.

Ikifika hapa bado nyeusi, basi haya, chipu. Washa dakika moja halafu gusa kwa mgongo wa kidole. Chipu ya picha na ile PLA (inayogawa anwani za kumbukumbu) kwenye C64 zina joto kwa asili yake hivyo zisikutishe, ila RAM inatakiwa iwe vuguvugu tu, moja ikikuunguza na wenzake saba wametulia, umeipata. RAM zenye nembo ya MT wapenzi wa hizi mashine hawaziamini hata kidogo, ukizikuta kwenye C64 yenye skrini nyeusi anza na hizo. Kuna katriji inaitwa Dead Test, hiyo haitegemei ROM ya ndani (chipu zenye programu za kudumu za mashine), ukiichomeka na RAM ikiwa mbovu skrini inamweka mara kadhaa na idadi ya mimweko inakuonyesha ni chipu ya ngapi. Na hata bila hiyo, katriji ya gemu ya kawaida inasaidia: gemu likiwaka wakati bila katriji ni nyeusi, prosesa na picha ni wazima, shuku zako zihamie kwenye ROM.

Mbinu nyingine ni kumbebesha. Unachukua chipu nzima ya RAM ya aina ile ile unaikalisha mgongoni mwa ile unayoishuku, miguu igusane, unawasha. Mashine ikifufuka umempata mwizi. Isipofufuka usiseme chipu ni nzima, kwa sababu iliyokufa kwa kupiga shoti inavuta chini hata ile nzima iliyobebwa, mbinu inafanya kazi kwa ile iliyokatika tu.

Amiga na wenzake wanaosema kinachowauma

Hapa Amiga ina ustaarabu. Ikiwaka inajipima yenyewe na ikikwama inakuachia rangi moja imejaa skrini. Kijani ni RAM inayotumiwa pamoja na chipu za picha na sauti ("chip RAM"), nyekundu ni ROM, bluu ni zile chipu maalum, njano prosesa imekutana na kosa ambalo haikulitegemea. Lakini usisome rangi kama hukumu ya korti. Kijani kwenye A500 (Amiga 500) mara nyingi si RAM imekufa, ni Agnus, ile chipu ya mraba, miguso ya soketi yake imeingia kutu. Itoe kwa kibanio chake, safisha, rudisha, kijani nyingi zinaishia hapo. Kibodi nayo inajipima peke yake, taa ya Caps Lock ikimweka mara moja ni ROM ya kibodi, mara mbili RAM yake.

Atari ST inachora mabomu, uyahesabu: mawili kosa la basi (njia ya data), matatu kosa la anwani, na kabla hujafika mbali kandamiza zile ROM. BBC Micro inaimba. Ikiwa nzima inatoa mlio mzito halafu "bip" fupi ya juu, ukisikia ule mzito tu unaendelea bila kukatika basi prosesa haijafika hata kwenye kuiamuru chipu ya sauti inyamaze, angalia ROM na soketi zake.

Dalili: inawaka ila skrini ni vurugu

Mistari ya wima, mraba mraba wa rangi, herufi zisizojulikana. Hapa furahi, kwa sababu picha ipo, kwa hiyo saa ipo na chipu ya picha iko hai.

Spectrum ikileta mistari na takataka badala ya ile "© 1982 Sinclair Research Ltd" ya chini, tatizo linakaa kwenye RAM ya chini, chipu nane za 4116, hizo ndo zinashika picha na prosesa inazitegemea kuanza. Zile 4116 ni wagonjwa wa kudeka, hazitaki volti moja zinataka tatu: mguu wa 1 ni hasi 5, wa 8 ni 12, wa 9 ni 5, wa 16 ardhi. Hizo 12 na hasi 5 zinatengenezwa na kisaketi kidogo chenye koili na transista, ile TR4 ndo inayokufa mara nyingi. Sasa sikiliza, hasi 5 ikipotea wakati 12 bado ipo zile RAM zinaungua moja baada ya nyingine, kwa hiyo ukibadilisha RAM bila kutengeneza TR4 umenunua kuni. Pima zote tatu kwanza. Na chanzo cha TR4 kufa mara nyingi ni binadamu, kachomeka au kachomoa kitu nyuma mashine ikiwa inawaka.

RAM ya juu ikiwa mbovu kwenye ile ya 48K mashine inawaka kama kawaida, inajifanya ya 16K na hakuna anayegundua mpaka gemu ligome. Andika PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733, jibu likiwa 65535 iko kamili, likiwa 32767 nusu ya juu imelala.

C64 inayosema sawa inaandika 38911 BASIC BYTES FREE. Namba ikiwa pungufu au ikikupa OUT OF MEMORY hata hujafanya kitu, RAM. Maandishi yakiwa vichekesho lakini kasa (kile kialama cha pale unapoandika) inapepesa na unaandika, ROM ya herufi. Rangi zikicheza cheza bila mpangilio huku maandishi yanasomeka, ile RAM ndogo ya rangi ya 2114.

Dalili: kibodi

Kitufe kimoja hakifanyi kazi ni uchafu, safisha. Kundi zima la vitufe likilala kwa pamoja ni waya au njia. Spectrum ya mpira ina karatasi laini ya plastiki yenye mikia miwili, hiyo mikia ikikauka inapasuka pale pale inapoingia kwenye soketi, na vitufe vitano vitano vinakufa pamoja. Mpya zinatengenezwa mpaka leo, usihangaike kubandika. Tena kila unapofungua hiyo mashine unaipunguzia umri mikia, kwa hiyo kama huna mpya mkononi usiifungue kwa udadisi.

C64 ikiwaka ikafika READY ila kasa HAIPEPESI na kibodi imekufa, usiguse kibodi. Anayepepesa kasa na anayesoma kibodi ni chipu moja, CIA ya kwanza, 6526. Ziko mbili zinazofanana, ya pili inashughulika na diski drevu na mengine, kama ziko kwenye soketi zibadilishane nafasi. Kibodi ikifufuka na diski ikafa, jibu unalo bila kununua chochote. Nyingi zinauliwa na umeme tuli, mtu anapitisha kidole kwenye pini za joystiki, tak, kwisha. Na ikitokea C64 inajiandikia herufi yenyewe, chomoa joystiki ya tundu la 1 kwanza kabla hujaanza kulia, inatumia njia moja na kibodi.

Dalili: betri imejikojolea

Hii sio dalili, ni msiba, na inawahusu zaidi A500 Plus, A2000, A3000, A4000, pamoja na ile RAM ya ziada ya chini ya A500. Kuna kipipa kidogo cha betri ya volti 3.6 kimesoldiwa kwenye bodi kwa ajili ya saa, kinavuja, kile kimiminika ni kikali cha upande wa alkali na kinatambaa chini ya rangi ya kijani ya bodi kikila shaba kimya kimya. Ukiona unga wa kijani au buluu ujue kimeshafika mbali kuliko unavyoona. Hata kama mashine yako inawaka vizuri leo, fungua ukikate leo, saa ya kompyuta ya zamani nani anaitazama.

Kilichomwagika kipoze kwa siki nyeupe, sugua kwa mswaki, suuza na maji yaliyochemshwa kuwa mvuke yale ya betri za gari, malizia na spiriti, acha ikauke siku nzima. Kisha kaa na testa upime njia moja moja kama bado inapitisha, iliyokatika iunge kwa waya mwembamba. Inachosha, weka redio. Ukitaka saa irudi weka CR2032 na DAYODI, maana bodi inajaribu kuichaji betri iliyokuwepo na CR2032 haichajiwi, itavimba.

A600 na A1200 za 1992 hazina kipipa hicho ila zina kapasita ndogo za kubandika juu ya bodi nazo zinavuja. Sauti inakuwa ndogo, upande mmoja unapotea, picha inafifia. Ukiweka pasi ya kusolda ukasikia harufu ya samaki aliyeoza ndo hiyo imeshavuja. Badilisha zote, usichague.

Sauti kwenye C64: chipu ya sauti, SID, ya 6581 inataka volti 12, ya 8580 inataka 9. Usizibadilishane hata kwa majaribio ya sekunde moja.

Diski na kaseti kwa haraka haraka: safisha kichwa kwa spiriti, diski yenye ukungu usiitie kwenye drevu maana inachafua kichwa na kichwa kinachafua diski nyingine zote, na drevu za inchi 3 za Amstrad mkanda wa mpira umeshakuwa uji, weka mpya. Spectrum siku hizi unaipigia gemu kutoka kwenye simu kwa waya, isiposoma ongeza sauti mpaka mwisho, bado isiposoma badilisha waya.

Dalili: inafanya kazi dakika ishirini halafu inaganda

Joto, au solda iliyopasuka. Chukua kopo la hewa ya kupulizia vumbi, ligeuze kichwa chini linatoa baridi kali, pulizia chipu moja tu wakati mashine imeganda, uwashe upya. Ikirudi kufanya kazi, rudia hivyo hivyo siku nyingine mpaka uhakikishe ni chipu ile ile. Kwenye Spectrum ile 7805 inageuza volti zote za ziada kuwa joto, ukiweka regulata ya kisasa ya kukatakata umeme ya umbo lile lile kompyuta inakuwa baridi kabisa, na hii ndo apgredi pekee ninayoikubali kabla matengenezo hayajaisha.

Zilizobaki subiri. Nasema subiri kwa sababu ukiweka kitu kipya kwenye mashine ambayo bado inaumwa utakuwa na matatizo mawili yanayofanana. Iache ikimbie wiki nzima kama ilivyozaliwa.

Apgredi zenyewe zina magonjwa yake

Umeweka Gotek (kifaa kinachosoma flashi) badala ya drevu ya diski na taa yake inawaka muda wote haizimi: waya bapa umegeuzwa. Inawaka kawaida ila Amiga haiioni: jampa (kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini) ya kuchagua namba ya drevu iko pengine, ihamishe. Flashi isomwe inataka iwe FAT32, na firmiwea ya FlashFloppy ndo itakupunguzia kelele nyingi.

Umeweka SD2IEC (kisomaji cha kadi ya SD) kwenye C64, gemu moja linapakia, lingine linakwama katikati. Haijaharibika. Drevu ya 1541 ni kompyuta kamili yenye 6502 yake ndani, na magemu mengi yanaipa programu yao ili yapakie haraka, SD2IEC inaelewa amri tu haina hiyo prosesa ya kuigizwa. Kwa hayo magemu unahitaji kitu kinachoigiza drevu nzima kama Pi1541.

Umeweka kadi ya CompactFlash kwenye A1200 kama hadi diski, mafaili madogo yanasoma vizuri, makubwa yanaharibika: ingia kwenye mpangilio wa diski weka MaxTransfer iwe 0x1FE00. Umeweka RAM ya MB 8 chini na tundu la PCMCIA (la kadi za pembeni) limekufa, kadi nyingi za hivyo zinagombania anwani moja na PCMCIA, weka jampa kwenye MB 4. Umeweka kadi ya kuongeza kasi na sasa inajizima zima, rudi kule tulikoanzia, adapta ya asili ya A1200 ni dhaifu, wengi waliikimbia wakatumia ile nzito ya A500. ROM mpya ya Kickstart (programu ya kuanzishia Amiga) haiwaki? A1200 soketi zina matundu 42 na ROM ina miguu 40, matundu mawili yanabaki wazi, kwa hiyo tazama ya zamani ilivyokaa kabla hujaing'oa, na ROM ziko mbili usizibadilishane.

Na ukishamaliza yote, gemu linaenda, sauti ipo, lakini kila kitu kinachosogea kushoto kulia kinashtuka shtuka kwenye TV yako mpya kupitia kile kibadilishaji cha HDMI, usirudi kufungua boksi. Mashine yako ya PAL (mfumo wa TV wa Ulaya na kwingineko) inatoa picha 50 kwa sekunde na kibadilishaji kinazilazimisha kuwa 60. Tafuta kibadilishaji kinachoacha 50 ipite na skrini inayoikubali. Hapo hakuna cha kusolda.